Ngozi Hazikuletwa

Mimi kunyamaza sikuzaliwa nako, nilifundishwa na mama. Ndiyo maana hadi leo nikiwakumbuka ng'ombe wa baba huwa nakasirika, na wa kwanza kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Baba alifariki tukiwa wadogo, kule Heru Juu. Mbele ya ukoo mzima ng'ombe wake wakakabidhiwa baba mdogo, awatunze mpaka mdogo wangu wa kiume afikie kuoa. Kwetu Uha mwenye akili hafungi ng'ombe wake wote zizi moja. Huwagawa kwa rafiki zake, huyu mmoja, yule wawili. Wao wanakamua maziwa na kupata samadi ya migomba, ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, unaletewa ngozi uione. Hivyo ugonjwa haukumalizi, wala jirani hajui una kiasi gani. Aliyejua wetu wako kwa nani ni baba mdogo peke yake.

Kila mavuno mama alipika pombe, akamwalika, akamuuliza kwa adabu zote. Naye alifuta mdomo akajibu, "Wapo, shemeji, wanakula majani." Basi. Siku niliyotaka kujua ni majani ya wapi, mama alinifinya paja. Kumhoji aliyekushikia mali, alisema baadaye, ni kumwita mwizi.

Ikaja ile miaka ya sabini ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Watu walibebwa kwa malori, nyumba zikabomolewa, na jirani yako wa jana ukasikia yuko Kagerankanda, au mbali zaidi upande wa Kibondo. Mavuno mawili yakapita, jibu lilelile: wapo, shemeji. Mdogo wangu akapata mchumba. Wazazi wa binti walitaka ng'ombe wa mahari, wakasema watasubiri hadi mvua tu. Hapo nikashindwa. Nilimkuta baba mdogo anakunywa na wenzake, nikamwambia palepale atutajie ng'ombe mmoja mmoja na kila mmoja alipo.

Aliniuliza nani kanituma. Nikasema nimejituma. Wenzake wakaguna, nami nikajua leo nachapwa. Badala yake akaanza kutaja: mwekundu mwenye baka yuko kwa fulani, mweusi kwa fulani. Kufika wa tatu akakwama.

"Mwanangu," alisema, "wote niliowapa ng'ombe sijui walipelekwa wapi. Niliona aibu kumwambia mama yako."

Laiti angewala! Ningejua hasira zangu nizipeleke wapi. Hakula hata mmoja. Aliwapoteza, akawa anatujibu wapo, na muda wote huo waliokumbuka nani alipanda lori lipi walizidi kutawanyika. Tulitafuta mwezi mzima kwa miguu, mpaka Gwarama. Huko mzee mmoja alitukabidhi ng'ombe na ndama wake, Mungu ambariki. Wengine tuliowapata walisema ng'ombe waliokuwa nao walikufa njiani. Na ngozi? Iliozea mvuani. Ililiwa na mbwa. Nani angebisha?

Mvua ikanyesha, binti akaolewa kwingine. Mdogo wangu alikwenda kukata mkonge mashambani, na hakurudi tena.

Mama hakumlaumu mtu. Jioni moja tu, tukipukuchua mahindi, alisema, "Nilimwogopa shemeji yangu kuliko nilivyomwogopa marehemu."

Mavuno yale hakupika pombe.