Siki ya Mzazi

Foong Kuan wa mji wa Ipoh hulea wazazi na vichanga vyao siku thelathini baada ya kujifungua. Ana kifua, maana hukodiwa mapema, na kwa mila za huko mimba haitajwi mpaka itimize miezi mitatu.

Jana Bi Yap alimkuta sokoni.

"Miaka saba nakuomba uje umlee mke wa mwanangu, na miaka saba hazai. Mwaka huu sikukodi tena, dada. Nimechoka kuchekwa."

Mke huyo alikuwa amempigia Foong Kuan simu wiki iliyopita kumkodi.

"Nunua tangawizi, uiloweke kwenye siki," Foong Kuan alisema. "Ikikaa miezi ndiyo inakolea."

"Hiyo si ya kulishwa mzazi akishajifungua?"

"Kwani nimesema ya nani?"

Bi Yap alimkazia macho, kisha akainama kuchagua tangawizi huku machozi yakimtoka.

"Na mimi sijakwambia kitu," Foong Kuan alimwonya.