Samadi ya Mama na Samadi ya Ulaya

Nguruwe siwapendi. Nimezaliwa Kirua Vunjo, nyama yao nimeila kila Krismasi, lakini harufu ya banda lao hunichefua hata leo nikiwa bibi mwenye wajukuu. Sasa fikiria balaa lililonipata miaka ile ya Ujamaa: nilikuwa bibi shamba mpya, najua Kiingereza kidogo, nikapangiwa kumsindikiza mtaalamu wa Kizungu aliyekuja kupima mavi ya nguruwe.

Alitaka kulinganisha kwao na kwetu. Ndani ya samadi, alinieleza, mna naitrojeni, chakula cha mimea. Nyingine hupotea hewani pamoja na ule mvuke unaochoma macho, nyingine huchukuliwa na mvua. Kwao nguruwe hulala kwenye saruji, uchafu ukatiririka hadi shimoni. Kwetu hulalia majani makavu ya migomba. Nani anapoteza zaidi? Kwa wiki tatu tulipima pumba na maganda ya ndizi waliyokula nguruwe wa kijijini, ili mwishoni tupime samadi iliyobaki bandani; itakayopungua ndiyo iliyopotea. Mzungu alikoroga uji ule wa kijani wa mavi kwa kijiti, akaunusa, akatabasamu. Mimi nilitapika nyuma ya mgomba.

Siku ya kupima ilipokaribia nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia akina mama, "Jumatatu mgeni anakuja." Ningepaswa kusema, "Msiguse kitu." Mwambie mama wa Kichagga kwamba mgeni anakuja, halafu uone! Jumamosi nzima walikwangua mabanda, wakabeba samadi na kuifukia kwenye mashina ya migomba, mwisho wa kihamba, shamba linalozunguka nyumba. Wakamwaga maji, wakatandika majani mapya.

Banda la mama yangu lilikuwa safi kuliko bweni nililolala shuleni. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa siku hiyo niliweza kuvuta pumzi.

"Samadi iko wapi?" mtaalamu aliniuliza.

Mama, amejifunga khanga yake ya kanisani, akasema, "Mwambie tumeshaifukia kwenye migomba. Mgeni hakaribishwi kwenye mavi, mwanangu. Aje anywe chai."

Nilitafsiri chai peke yake. Niliona haya mama kutamka mavi mbele ya mgeni, tena nilitaka tuondoke upesi. Mzungu akakwangua mabaki kwenye nyufa, akayapima, akaandika. Kwenye mabanda mengine ilikuwa vivyo hivyo, nami nikanyamaza vivyo hivyo.

Miezi ikapita, akarudi na majibu. Mkutano wa kijiji uliitishwa, nami nikawa mkalimani. Kwao, alisema, hupotea kiasi. Kwetu hupotea karibu yote. Viongozi wa kijiji hawakungoja zaidi: nguruwe wote wa majumbani watapelekwa kwenye banda moja la saruji kule chini, na samadi yao itakwenda shamba la kijiji.

Ng'ombe wetu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Migomba ya mama, mboga zake, mibuni michache aliyoachiwa na baba, vyote vilitegemea samadi ya nguruwe wawili. Mama akasimama mbele ya watu wote.

"Mwanangu, mwambie huyu baba hatukupoteza kitu. Tulifagia kwa heshima yake. Aje kihambani nimfukulie aone kwa macho yake."

Watu wote wakanigeukia. Kutafsiri maneno yale kulikuwa kukiri kwamba nilijua tangu siku ile, na kibarua changu kingeota nyasi palepale. Nikamgeukia mzungu, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu anashukuru sana kwa ushauri.

Mtaalamu alifurahi. Akamwinamia mama, mkono kifuani. Mama akaketi, akamwambia jirani yake, "Ameelewa. Mtu aliyesoma huelewa."

Kinyaa nilichokisikia pale hakikuwa cha nguruwe. Nilijichukia, nikachukia na ule ulimi wangu wa shule.

Wiki iliyofuata nilitumwa mimi kuwachukua nguruwe wa mama. Mama alinifungulia banda mwenyewe, hakubishana. Aliwatazama nguruwe wakitoka, kisha akaniuliza kwa upole, "Yule mzungu, nilipomwambia yale, alijibu nini hasa?"

Nikamwambia hakujibu kitu.