Utani wa Nyumbani Ulipoingia Kwenye Simu

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila ikinijia nasikia vumbi puani kabla sijasikia ngoma. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na kijijini kwetu, huku upande wa Misungwi, huo ndio ulikuwa wakati wa mashindano ya ngoma. Kundi la Wagika lilisimama huku, la Wagalu likasimama kule, wote wakacheza kwa wakati mmoja. Hakukuwa na mwamuzi wa kukaa kwenye kiti. Watazamaji walikwenda walikopenda, na kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo ninyi vijana wa siku hizi msijidai kwamba ndio wa kwanza kukosa usingizi kwa sababu ya kutafuta wafuasi.

Kaka yangu Maganga alikuwa manju wa kundi letu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Siku hiyo wenzetu wa upande wa pili walileta chatu. Kijana wao alimvaa shingoni, akamlisha, akambusu, na watu wetu wakaanza kuondoka, kwanza watoto, kisha akina mama, kisha hata wajomba zetu wenyewe. Nilimtazama Maganga usoni nikaona hofu. Mtu aliyezoea kutazamwa akiona anaachwa peke yake, atakamata chochote kilicho karibu.

Yeye alimkamata bibi Minza. Huyu alikuwa mdogo wake bibi yetu mzaa baba, mjane, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kwa sababu kwetu kuni ni za shida na mwanamke hupikia vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Nyumbani tulimtania kila siku. Mjukuu na bibi kwetu wana utani, hilo unalijua. Bibi Minza alimwita Maganga "mume wangu asiye na ng'ombe," naye Maganga alimjibu kwamba ng'ombe wangetoka wapi na bibi akiwatazama tu kwa macho yale mekundu, ambayo watu husema ni ya mchawi, maziwa yanakauka. Bibi alimkimbiza na mwiko, sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Basi Maganga akauchukua utani ule wa jikoni akautungia wimbo palepale uwanjani, na jina la bibi akalitaja. Watu walicheka. Waliokuwa kwa chatu waligeuka, wakarudi wakikimbia, na tukashinda. Maganga alibebwa mabegani, nami nilipiga vigelegele kuliko wote.

Wimbo haukubaki uwanjani. Watoto waliuimba machungani, na ulifika vijiji ambavyo bibi Minza hakuwahi kukanyaga. Halafu ng'ombe wa mtu mmoja akakosa maziwa kweli. Kule kisimani wanawake wakaanza kumpisha bibi, siyo kwa heshima. Siku moja, jua likiwa utosini, mtu asiyejulikana akatia moto ghala lake la mtama.

Hapo ndipo baba alipomwita Maganga. Hakupaza sauti. Alimwambia maneno haya, nami nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchicha: "Wewe ukisema hivyo mama mdogo Minza anacheka, kwa sababu wewe ni mjukuu wake. Wale siyo wajukuu zake. Kwao wale, ulikuwa unatoa ushahidi."

Akamtuma aende nyumba kwa nyumba, kila kaya iliyokuwa na mtu uwanjani siku ile, akaseme kwa kinywa chake kwamba alikuwa anatania. Maganga alikwenda. Alidharauliwa, akaachiwa mbwa, lakini alimaliza. Mambo yakatulia, ila bibi Minza hakutulia. Mimi nilitumwa kwenda kulala kwake, na kila jioni tulisukuma kinu pamoja tukakiegemeza mlangoni. Alifanya hivyo mpaka alipokufa kwa uzee wake.

Sasa nikueleze kwa nini nimeyafukua haya yote kwa ajili yako, wewe unayetaka kutafuta wafuasi kwenye simu. Nina mjukuu, Shija, mtoto wa binti yangu. Alimaliza chuo, kazi akakosa, akapanga chumba mjini, huko Buswelu, akaanza kutengeneza video za kuchekesha. Alikuwa anazungumza peke yake mbele ya simu kama mtu aliyepandwa na homa, amevaa kanga ya mama yake na kilemba. Mimi nilicheka kwa sababu ni wangu. Watu wengine hawakumwona hata kidogo. Alikuwa akiniambia, "Bibi, nimeweka video tangu asubuhi, walioangalia ni mama na jirani," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nilimhurumia. Kijana kutoonekana ni kitu kibaya, tusidanganyane.

Akaja kwangu mpunga ukianza kukomaa. Nilikuwa jikoni, moshi umejaa, macho yangu, unajua tena, ni yaleyale ya wanawake wote wa kwetu. Shija akagonga, nami nikatoa kichwa nje ya moshi nikamwuliza kwa sauti nzito, "Nani amemfungulia fisi wangu?" Kwetu husemwa kwamba mchawi hufuga fisi na kumpanda usiku. Ni utani wangu na yeye tangu akiwa mtoto, ndiyo salamu yetu. Tukacheka wote wawili mpaka nikashika ukuta. Simu yake ilikuwa wazi mkononi, inarekodi.

Aliniomba, sitamsingizia. Alisema, "Bibi, hii nairusha kwenye grupu." Mimi grupu ninalolijua ni lile la ukoo, la michango ya misiba na harusi. Nikamwambia rusha, kumbe lake lilikuwa jingine, la watu nisiowajua.

Ile video ilikwenda, mwanangu. Wafuasi wake wakaongezeka kila alipofumbua macho. Mwenye duka la simu mjini akamwita amtangazie biashara. Shija akanunua taa ile ya duara ya kujimulikia, akanipigia simu akilia kwa furaha, nami nikalia naye. Nilipokwenda mashine ya kusaga, vijana waliniita Bibi Fisi wakaomba kupiga picha na mimi. Nilijipanga vizuri nikatabasamu. Nilijiona mtu.

Kisha mtoto wa jirani yangu Kabula akashikwa na degedege. Mimi ndiye niliyemkanda Kabula alipojifungua mtoto huyo. Nilipokwenda kumjulia hali, aliniona nikitokea njiani, akambeba mtoto akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Nikasimama uani na chungwa mkononi. Nikajiambia pengine hakuniona. Nikaliweka chungwa kizingitini nikarudi nyumbani.

Siku iliyofuata nilikuwa naanika uani michembe yangu, yale mapande ya viazi vitamu. Pikipiki ikasimama nje ya uzio wa minyaa, juu yake vijana wawili nisiowajua. Hawakunipa shikamoo. Mmoja alitazama simu, akanitazama mimi, akatazama simu tena. Akamwambia mwenzake, "Ndiye huyu." Wakaondoka polepole, na yule wa nyuma aligeuka mara kwa mara kuangalia njia inayoingia kwangu.

Nimezika mume, nimezika watoto, nimevuka ziwa kwenye upepo ndani ya mtumbwi unaoingiza maji. Sijawahi kuogopa namna ile. Niliacha michembe palepale kwenye jua, nikampa jirani mwingine kuku wangu, nikachukua kitenge na dawa zangu za presha, nikapanda gari kwenda Buswelu.

Shija alinipokea kwa shangwe. Nilipomweleza habari za wale vijana, alicheka. "Bibi, hao ni mashabiki tu. Watu wanakuulizia kila siku, wanataka sehemu ya pili." Alikwisha kunitafutia hata ngozi ya fisi ya bandia.

Sikumkemea. Nilikaa kitandani kwake nikamsimulia habari za Maganga na bibi Minza, kama nilivyokusimulia wewe. Nilipofika kwenye kinu, aliacha kucheka. Akachukua simu akaanza kutafuta. Alitafuta kwa muda mrefu, na nilimwona uso unabadilika. Video yake ilikuwa na kicheko chetu mwishoni, mimi nimeshika ukuta. Watu wengine walikuwa wameichukua, wakakata kicheko, wakaacha moshi, macho yangu na ule msemo wa fisi. Juu yake wameandika kwamba mchawi wa Misungwi amekiri mwenyewe. Chini yake kulikuwa na maneno ya watu. Shija hakunisomea, nami sikumwomba anisomee.

Alifuta yake. Zile nyingine hazikufutika, kwa sababu hazikuwa mkononi mwake. Akatengeneza video mpya, akaeleza vizuri sana, akaonyesha jiko langu, vijiti vya pamba, moshi unavyotoka, akasema huyu ni bibi yangu na ule ni utani wetu. Aliongea kwa uchungu mpaka mimi mwenyewe nikajisikia ninapendwa. Waliotazama walikuwa ndugu zake na rafiki zake wachache. Wale wengine wote waliokuja mbio kwa ajili ya fisi, hakuna aliyekuja kwa ajili ya jiko.

Basi akafanya alichofanya Maganga, mjomba wa mama yake. Alirudi kijijini, akamchukua mwenyekiti, wakapita nyumba kwa nyumba. Kwa Kabula walikaa sana. Mtoto alikuwa amepata nafuu, hospitali walimkuta na malaria. Shija aliniletea maneno ya Kabula kama alivyoyasema: "Mimi bibi yako namjua. Lakini shemeji yangu wa Kisesa hamjui, na ndiye aliyenitumia ile video, akaniambia nimwangalie mtoto wangu. Sasa wewe utakwenda mpaka Kisesa? Na aliyemtumia yeye, utampata wapi?"

Maganga aliwajua waliokuwa uwanjani, akawafuata kwa miguu hadi wa mwisho. Wale vijana wa pikipiki hatujui walitoka wapi wala wamelala wapi leo. Ndiyo maana nakuandikia haya nikiwa Buswelu, kwenye chumba cha mjukuu wangu, mpunga wangu ukivunwa na watu wengine. Kabula ananipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, ananiambia nirudi, kijiji kizima kinanisubiri. Namwambia nitakuja. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje ya dirisha, nanyamaza mpaka ipite, naye Shija, akiwepo, ananyamaza pamoja nami.

Mwanangu, sikukatazi kutafuta watu. Uwanja umehama, umeingia kwenye simu, na wewe una haki ya kuimba kama Maganga alivyoimba. Nakushauri tu kama mtu aliyeonja. Utani una mipaka ya nyumba. Unaloweza kumwambia bibi yako akacheka, ukilitoa mbele ya watu wasiomjua, wewe hutakuwepo kuwaeleza kwamba mlikuwa mnacheka. Kwa hiyo kabla hujamweka mtu mwingine mbele ya umati, mwonyeshe kwanza anavyoonekana humo kwenye simu, na umweleze video inakwenda kwa nani, kwa maneno anayoyaelewa, siyo kwa maneno yako ya mtandaoni. Kisha jiulize: huyu mtu akitoka hapa anarudi kulala wapi, na nani yupo naye? Kama anarudi kulala peke yake, mwache. Tafuta kichekesho kwako mwenyewe, una vituko vya kutosha, ninyi wote mnavyo.

Na siku ile utakayowaona watu wanaanza kuondoka, maana watakuja na wataondoka, kaa chini kwanza. Kunywa maji. Usishike simu mpaka ile hofu ya kuachwa ipungue kifuani, kwa sababu katika hofu hiyo mtu humuuza yeyote aliye karibu, na aliye karibu siku zote ni yule anayekupenda.

Shija bado anatengeneza video zake. Jana alinifuata na simu akaniomba anirekodi nikisema neno moja tu la kuwaaga wafuasi wake. Nilimwambia hapana. Akaizima palepale, akaiweka kifudifudi juu ya meza, akaniuliza kama nimekula.

Nakuombea kwa Mungu wa baba zangu, mwanangu, akupe watu wengi, wengi hata ukose pa kuwaweka. Na akujalie kwamba popote jina lako litakapofika, asiwepo mtu hata mmoja anayelala kwa hofu kwa sababu yako.