Tope Juu ya Ufa

Ufa ule niliuona nikikata majani ya ng'ombe, juu kabisa ya shimo. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo, umepita katikati ya nyasi. Nikasimama. Huko chini sururu ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, na aliyekuwa akigonga ni mume wa binti yangu.

Shimo hilo liko mwisho wa shamba letu, upande wa Kisii ambako ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la sabuni, lile laini linalochongwa. Marehemu mume wangu alilichimba, na babake kabla yake. Walioshuka humo nawajua wote kwa majina. Wawili ambao hawakupanda wakiwa hai nawajua mpaka majina ya mama zao. Sitawaandika hapa, lakini ndio waliosimama mbele ya macho yangu nilipouona ule uzi.

Mkwe wangu si mtu wa mawe. Ni wa Nyamira, wa majani chai. Mashine za kuchuna zilipomtoa kazini, wenzake walikaa nyumbani wakilalamika. Yeye akauliza ni nani ana shimo. Nilimpenda kwa hilo. Akapanga chumba sokoni, maana mwanamume wa kwetu halali kwa wakwe, akawa anakuja asubuhi na kurudi jioni. Vijana wa hapa wakamtania, "Wewe, kumbe umeolewa huku?" Naye akawajibu, "Ndiyo, na jiwe. Mahari yangu mtaileta lini?"

Kisha akaona kitu ambacho wachimbaji wetu wa zamani hawakukijali. Wao walitaka jiwe jeupe, kubwa, la kuchonga twiga na tembo. Yeye alimsikia Muhindi mwenye duka mjini, ambaye familia yake imenunua mawe yetu tangu mimi nikiwa msichana, akisema kwamba wageni siku hizi wanaulizia jiwe la rangi ya waridi. Na la waridi lilikuwa chini kabisa, mshipa umeingia ndani ya ukuta. Akaufuata. Kila siku alizidi kuingia chini ya ukuta, mpaka ardhi ya juu ikawa kama paa lisilo na nguzo. Na ng'ombe wangu wanalishwa majani ya juu ya paa hilo.

Sasa mtu atauliza, si ungemwambia? Kwetu kuna ensoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya wakwe. Mama mkwe hali chakula mbele ya mume wa binti yake, hamwiti, hamkaribii. Na shimoni wanaume hufanya kazi vifua wazi. Nisimame ukingoni nimtazame mkwe wangu kifua wazi? Ukingoni nilikuwa nakwenda asubuhi kabla hajaja, na jioni akishaondoka, basi.

Nikafanya ninachokijua. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini udongo naujua. Nilichanganya tope na kinyesi cha ng'ombe, kama la kukandikia ukuta, nikalipaka juu ya ufa, kiganja kimoja. Tope likikauka zima, ardhi imetulia. Likipasuka katikati, ardhi inatembea.

Siku ya kwanza lilikauka zima. Siku ya pili pia, nikajicheka. Ya tatu nikakuta ufa kama unywele umepita katikati yake. Nilipaka lingine, na asubuhi likawa limepasuka mahali pale pale. Nilimwita binti yangu.

"Mwambie mumeo atoke humo."

"Mama, nimemwambia. Anasema mshipa umebaki mkono mmoja tu."

"Mkono wa nani? Ule tutakaouona umetokeza kwenye udongo?"

"Mama! Usiseme hivyo. Wewe unaogopa hata kuku akipiga mabawa."

"Ni yeye amesema hivyo?"

"Ni mimi. Yeye atakusemaje, na wewe ni mama mkwe?"

Tulicheka, kisha nikarudi kupaka tope lingine.

Halafu mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Ilipokatika, nilikwenda kuangalia tope langu na sikulikuta, lilikuwa limemezwa. Ufa ulipokea vidole vyangu vinne, na ndani mlikuwa na baridi. Binti yangu alikuwa ameshakwenda soko la Masimba na ndizi, simu yake imezima. Nikiwa bado nimepiga magoti pale, nikasikia chini, ko, ko, ko. Alikuwa amewahi.

Nilikimbia mpaka karibu na ukingo, nikasimama nyuma ya mgomba. Ulimi ukakataa. Unaona kifo kwa macho yako, na bado haya imekushika. Nilitaka kusema neno moja tu, toka, nikashindwa. Ndipo kikatoka kitu kingine. Nilipiga mayowe ya msiba.

Mayowe hayo kwetu hayapigwi ovyo. Ni ya maiti. Ukiyapiga na hakuna aliyekufa, umemwita wa kufa. Hilo nilifundishwa nikiwa mtoto, na niliyapiga nikijua, mara tatu.

Sururu ikanyamaza. Kisha akatokea kwenye ngazi za udongo, kifua wazi, mweupe kwa vumbi la jiwe mpaka kope, mweupe kabisa. Nilidhani ndiye wa kufa niliyemwita.

Aliponiona aligeuka haraka akanipa mgongo, akauliza migomba, "Mama, ni nani amefariki?"

Nami nikageuzia uso upande wa nyumbani kwangu nikajibu, "Hakuna. Bado."

Majirani walifika mikono kichwani. Jirani yangu, mwanamke tuliyeolewa mwaka mmoja, akanishika bega. "Maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti."

"Hakuna vipi? Nimeacha uji motoni, nimelia njia nzima, machozi yangu utanirudishia?"

Wengine walicheka, wengine wakanikaripia. Niliwaonyesha ufa. Walitazama kidogo, kwa mbali. Mzee mmoja wa ukoo wetu akasema kwamba shimo lililoliliwa halishukwi mpaka mvua ziishe na wazee wakae chini walizungumze. Hakusema ni kwa sababu ya ufa. Alisema ni kwa sababu ya mayowe. Mkwe wangu alisikiliza akiwa amejifunga leso ya mtu mabegani. Alikasirika, binti yangu aliniambia.

Ikawa hana kazi tena. Alikuja tu na kukaa juu ya rundo la mabaki, kule ambako mababu walitupa vipande visivyofaa twiga, na mimi nimepanda maboga. Jioni moja akishaondoka nilikuwa nachuma majani ya maboga ya kupika, nikaokota kipande kimoja cha kijivu. Usichana wangu wote nilikuwa nalainisha vinyago kwa msasa na maji, mikono haijasahau. Nikakitia majini nikakisugua. Jiwe likiwa kavu lina vumbi, mawe yote yanafanana na jivu. Hili lilipolowa likawa waridi.

Nilimpa binti yangu amfikishie mumewe. Jumatatu binti yangu alirudi kutoka mjini.

"Mama, Muhindi amekigeuzageuza akasema vidogo kama hivi, vya kutia kwenye mkoba, aletewe vingi."

Sasa yeye na mumewe wanachonga mabaki hayo kuwa mioyo midogo na vibakuli vya chumvi, na mimi nasugua. Maboga yangu yamehamishwa.

Lakini ukuta haujaanguka. Majirani wananiuliza kila siku, "Na lile shimo lako, limeanguka?" wakicheka. Mvua zimepungua. Wazee watakaa karibuni. Mshipa bado uko kule ndani, mkono mmoja, na Muhindi ameuliza kama kuna kipande kikubwa. Usiku nilisikia sururu, nikaamka, kumbe ni moyo wangu.

Juzi asubuhi nilikwenda na tope langu mapema, umande bado. Nikakuta ufa umeshapakwa. Si mkono wangu. Mimi napaka laini. Lilikuwa limebandikwa kwa haraka, nene, alama za vidole vikubwa vinne zimebaki juu yake, na katikati limepasuka.

Nilipaka langu kando ya la mkwe wangu. Kisha nikaondoka kabla hajaja.