Timu Nne, Timu Nane: Miaka Yangu ya Kupanga Mtoano wa Vyuo

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha. Nilifika Kibondo asubuhi, nimevaa viatu vya kisigino nilivyonunua kwa ajili ya darasa, mkononi nina barua ya kupangiwa kituo: mkufunzi wa michezo. Mkuu wa Chuo, mzee mrefu wa maneno machache, aliisoma barua, akanitazama miguuni, kisha akaniongoza nyuma ya mabweni kulikokuwa na uwanja. Akanikabidhi kamba, vigingi na debe la majivu yaliyochekechwa, maana chokaa ilikuwa imekwisha na saa kumi jioni kulikuwa na mechi.

"Mwalimu Nestoria," aliniambia, "mstari ukipinda, hata mwamuzi akiwa malaika atapinda nao."

Nikavua viatu. Nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba eneo la penalti hupimwa kuanzia mlingoti wa goli, lakini kitabu hakisemi lolote kuhusu uwanja wenye kichuguu. Wanachuo walikuja kumtazama mwanamke anayechora uwanja, wakacheka kwa heshima, na kufikia saa nane nusu yao walikuwa wamenishikia kamba. Mechi ilichezwa. Jioni Mkuu alipita kando ya mistari yangu polepole, na kesho yake nikapewa ufunguo wa stoo ya mipira. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kunisifu.

Vijana wengi wanadhani mashindano ni zile dakika tisini. Kazi yenyewe huanza wiki nyingi kabla, kwenye karatasi. Unapanga ratiba ili timu isisafiri mara mbili mfululizo huku mwenzake akikaa nyumbani. Asubuhi ya mechi unaitisha kikao kifupi cha viongozi wa timu, mnakagua vitambulisho vya wachezaji na kukubaliana rangi za jezi. Niliwahi kupata timu mbili zote za kijani, ikabidi moja icheze na fulana za kwaya. Halafu kuna kamisaa wa mchezo, yaani mtu anayekaa pembeni kwa niaba ya kamati na kuandika alichokiona. Nilifanya yote hayo Kibondo miaka mingi, hadi nilipohamishiwa Kasulu, kwenye dawati la michezo la ofisi ya elimu, nikawa katibu wa mashindano ya vyuo vya ukanda wetu.

Hapo ndipo nilipokutana na Mwenyekiti wa kamati ya mashindano. Alikuwa mkuu wa chuo kikubwa kuliko vyote Kasulu, mtu nadhifu aliyepiga pasi hata leso, na alipenda kikao kianze kwa saa yake ya mkononi. Tulifanya kazi pamoja vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yanaweza kumfanya aonekane mtu mbaya, naye hakuwa mbaya.

Mfumo niliourithi ulikuwa hivi. Vyuo viligawanywa makundi mawili, Kibondo na Kasulu, na la Kasulu lilijumuisha vyuo vya Buhigwe hadi mpakani Manyovu. Kila timu ilicheza na wenzake wa kundi lake. Kisha timu nne ziliingia kwenye mtoano, hatua ambayo ukifungwa umekwenda nyumbani. Mbili kati ya hizo nne zilikuwa vinara wa makundi. Mbili nyingine zilichaguliwa na kamati, tukikaa mezani na kujadili ni nani "anastahili". Tuliziita nafasi za kamati. Mjumbe ambaye chuo chake kinajadiliwa alitoka nje.

Mwaka mmoja chuo kidogo cha kilimo upande wa Munanila kilimaliza wa pili katika kundi la Kasulu. Hakikufungwa hata mechi moja. Sare ndizo zilizowanyima uongozi wa kundi. Kocha wao alikuwa Mwalimu Bukuru, mkufunzi wa mazao ya bustani, mtu mpole ambaye filimbi yake ya mazoezi ilifungwa kwa kamba ya katani. Wa tatu katika kundi hilohilo kilikuwa chuo cha mjini, chenye mashabiki wengi na jezi mpya, nacho kilikuwa kimefungwa mara moja.

Nafasi moja ya kamati ilikwenda kundi la Kibondo, ikabaki moja. Kwenye kikao wajumbe walisema uwanja wa Munanila una mteremko, kwa hiyo ushindi wa nyumbani hauna uzito. Wakasema wapinzani ambao Munanila waliwafunga walikuwa dhaifu, ingawa ni walewale waliocheza na chuo cha mjini. Wakasema watu wa Kasulu wangependa kuona timu wanayoijua. Zikapigwa kura kwa mikono. Chuo cha mjini kikapita, na mmoja wa mikono ile ulikuwa wangu. Nilikuwa mgeni kwenye kamati, na sikutaka kuwa mtu wa kwanza kusema hapana.

Barua niliiandika mimi. Ningeweza kuituma, lakini nilipanda bodaboda nikaipeleka mwenyewe. Ukivuka Buhigwe barabara inapanda na baridi inaingia kwenye mikono ya sweta, na kule ng'ambo unaiona milima ya Burundi. Niliwakuta wachezaji wakifanya mazoezi. Walikuwa wameshaanza kufua jezi kwa ajili ya safari, zimeanikwa kwenye uzio wa bustani. Mwalimu Bukuru alinisalimu, "Mwakeye," kama tunavyosalimiana Waha asubuhi, akaipokea barua kwa mikono miwili na kuisoma akiwa amesimama. Wachezaji walisimama mbali kidogo, wakimsoma yeye usoni.

Hakukasirika. Aliikunja barua, akauliza, "Mwalimu, tungefanya nini zaidi? Nionyeshe mechi ambayo tungeishinda ili tuingie. Nitawaambia vijana wangu waifanyie mazoezi."

Mechi hiyo haikuwepo. Nikasema pole, nikanywa chai waliyonipikia, nikarudi Kasulu. Njia nzima nilikuwa naona aibu, na aibu ile ilinifaa kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Wiki iliyofuata nilianza kuandika mpango. Timu nane badala ya nne: nne za juu kutoka kila kundi, kwa pointi, na pointi zikilingana, kwa tofauti ya magoli, kisha kwa matokeo ya wao kwa wao. Kamati haichagui mtu. Robo fainali ichezwe nyumbani kwa timu iliyomaliza juu zaidi, ili nafasi ya kwanza iendelee kuwa na faida na tusitafute malazi ya timu nane mahali pamoja. Niliipanga ratiba iishe kabla ya mitihani, na siku mbili nikaziacha wazi kwa sababu ya mvua.

Mwenyekiti aliisoma yote, hilo namsifu. Akaniambia, "Nestoria, leo unawapa wanane. Kesho wa tisa atalia."

Nikamjibu, "Atalia, Mkuu. Ila atajua anachokililia."

Alitabasamu, akaliweka jalada langu chini ya mengine, na likakaa huko msimu mzima.

Lililolitoa ni bahati. Msimu uliofuata chuo cha Mwenyekiti mwenyewe kilimaliza wa tatu, na ikabidi kijadiliwe kwa nafasi za kamati. Kwa utaratibu akatoka nje. Tulikaa karibu saa nzima tukibishana, huku mvua ikipiga bati kiasi kwamba ilibidi tupaze sauti. Mwishowe tulimpa nafasi, kwa tofauti ya kura moja. Nilipofungua mlango kumwita, nilimkuta kwenye benchi, amepakata kofia yake kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

Hakushukuru. Alikaa kwenye kiti chake, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nilikuwa nasikia viti vikisogezwa, sijui nani kasimama, nani kakaa. Nimeongoza chuo miaka yote hii, na mwisho nimekuja kusubiri huruma." Kisha akanigeukia mimi. "Lete ule mpango wako."

Ulipita bila kupingwa.

Msimu wa kwanza wa timu nane, Munanila walimaliza wa nne katika kundi lao na wakapangwa kucheza Kibondo na kinara wa kule. Nilikuwa kamisaa. Walifika na lori la Fuso, wameimba kwa Kiha tangu alfajiri hadi sauti zimekauka. Natamani kuwaambieni kwamba walishinda. Hawakushinda. Walifungwa manne, na lile moja walilopata wao lilishangiliwa kana kwamba kombe limeshatolewa: golikipa alikimbia uwanja mzima kwenda kumkumbatia mfungaji, nusura wafungwe wakati hayupo langoni. Mjumbe mmoja aliyekuwa karibu yangu akanong'ona kwamba ndiyo hayo, timu nane ni nyingi mno.

Baada ya mechi Mwalimu Bukuru alikuja kutia sahihi ripoti. Niliogopa kumtazama. Alisaini taratibu, akasema, "Asante, Mwalimu. Leo nimefungwa uwanjani, na watu ninaowajua kwa sura." Akaenda kula ugali na maharage pamoja na waliomfunga, na kicheko chake nilikisikia kutoka mbali.

Sasa nimestaafu, nalima maharage na migomba yangu hapa Kasulu, na warithi wangu wanazungumzia timu kumi na mbili, ambapo timu mbili za juu za kila kundi zitaruka raundi ya kwanza zikapumzike. Wananiuliza. Nawajibu kwamba sina hakika. Tulipokwenda nane, niliona timu zilizokuwa na uhakika wa kuingia zikicheza mechi za mwisho za kundi kwa uvivu, na hilo sikuwa nimelitazamia. Wachezaji ni wanafunzi pia, magoti yao na mitihani yao ni ileile. Ongezeni kama siku zinatosha. Idadi nitawaachia ninyi, mradi kila timu ijue, kabla mpira wa kwanza haujapigwa, inachotakiwa kufanya.

Mwezi uliopita nilikwenda kuona fainali, nikakaa kwenye nyasi na watu wengine. Miaka yote ya ukatibu sikuruhusiwa kupenda timu. Nilikaa pembeni nimeshika kalamu, uso umetulia kama wa hakimu. Safari hii mshambuliaji wa chuo changu cha zamani cha Kibondo alifunga, mwamuzi akakataa kwa kuotea, na mimi nikasimama nikapiga kelele mpaka mama aliyekaa jirani yangu akanivuta kitenge. Alikuwa ameotea. Niliona wazi, na kwenye ripoti ningeandika hivyohivyo. Nilipiga kelele tu, kwa raha zangu, kwa sababu ilikuwa timu yangu.