Nusu Saa ya Reinelde

Katika bonde lile hakuna mkono uliofungua nati nyingi kuliko wa Reinelde Feuerle, wala mdomo uliowafukuza vijana wengi kuliko wake. Walimjia karakanani na baiskeli zao za umeme za milimani, zile za magurudumu manene, wakimbembeleza awatolee kidhibiti mwendo. Mota ya baiskeli hizo humsaidia mtu mpaka kilomita ishirini na tano kwa saa, kisha hunyamaza. Vijana walisema ni kama kushikwa shati na mtu aliye nyuma yako.

"Mama Reinelde, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Ukikitoa, hiyo si baiskeli tena, ni pikipiki. Inataka namba, bima na leseni. Wewe leseni uliyonayo ni ya kula tu. Haya, nipishe!"

Alikuwa hivyo miaka na miaka. Lakini mganga hajigangi, na Reinelde alikuwa na Alhamisi zake.

Kila kiangazi Jodok Natter alichunga ng'ombe wa kijiji kizima kwenye malisho ya juu. Kila Alhamisi, akishamaliza kukama, aliteremka kwa baiskeli yake ya umeme kilomita kumi na nne kandokando ya mto, aje kula tambi za jibini na vitunguu vya kukaanga mezani kwa Reinelde. Yeye alikuwa na miaka sitini na sita, mwenyeji wake hamsini na tisa, na neno lenyewe, la mapenzi, hawakuwahi kulitamka. Watu wa bondeni walikuwa wakilitamka kwa niaba yao.

Alhamisi Reinelde hakuwa na akili ya kazi. Saa kumi na mbili ikigonga alikaa dirishani kushona taji la ng'ombe kiongozi, lile la maua ya karatasi na vioo vidogo, ambalo ng'ombe huyo huvishwa Septemba kundi linaporudi nyumbani. Mikono ikishona, yeye mwenyewe alikuwa mbali, yuko njiani na Jodok. Alisikia kengele za ng'ombe zikififia mgongoni mwake, akanusa majani yaliyokatwa, akaona ukungu ukipanda kutoka mtoni taratibu na kuinywa miti mmoja mmoja. Wakati mwingine hakujua kama ameshona au ameota, ila ua lilikuwepo mkononi.

Kisha Jodok alikuwa akifika, wanakula, na baada ya dakika hamsini anasimama, kwa sababu kundi halijilazi lenyewe.

"Kahawa hujaimaliza."

"Ng'ombe hawajui kahawa, bibie."

Alhamisi moja ya Julai Reinelde alikitazama kikombe kile, nusu yake imebaki, mpaka kikapoa. Kilimuuma. Wiki iliyofuata, Jodok akiwa bado anatafuna, Reinelde alitoka uani na bisibisi. Kwenye spoku ya gurudumu la nyuma kulikuwa na sumaku ndogo inayohesabu mizunguko. Akaihamishia kwenye mkono wa pedali, unaozunguka polepole zaidi. Mota ikadanganyika. Baiskeli ikikimbia, yenyewe inaamini inatambaa.

"Umeifanya nini baiskeli yangu?" Jodok aliuliza.

"Nimeipa nusu saa."

"Na leseni? Mimi sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe."

"Kunywa kahawa yako, Jodok."

Alikunywa mpaka tone la mwisho. Wiki nne nzima walikuwa na nusu saa yao, na waliitumia kukaa tu, jioni ikibadilika rangi dirishani, bila kusema mengi. Nasema wazi kwamba walikuwa na furaha, na furaha ile ilikuwa kosa la jinai.

Alhamisi ya tano Jodok alichelewa. Alifika akiikokota baiskeli, usukani umepinda, magoti yanavuja damu.

"Mtamba wa Wendelin," alisema. "Alikuwa amevuka uzio, amesimama barabarani, ndani ya ukungu. Nilikuja mbio mno. Alishtuka, akaruka ukingo." Alikaa kwenye ngazi. "Nimemsikia mpaka alipofika chini."

Reinelde alimuosha magoti, kisha akairudisha sumaku mahali pake.

"Utasemaje?"

"Kwamba aliteleza gengeni. Jina lako sitalitaja. Watakufungia karakana."

Na Reinelde, yule mama wa sheria, akanyamaza.

Septemba ng'ombe walishuka vichwa vitupu. Ndivyo ilivyo kule: malisho yakipoteza mnyama, hakuna maua, na kijiji kizima husimama kimya kando ya njia. Zililia kengele tu. Reinelde alisimama mbele ya karakana, taji amelikumbatia, hajui kwa nini amelitoa kabatini.

Wendelin Greber, mwenyekiti wa wenye mifugo, alimngoja Jodok pale pale.

"Mzee wangu, mnyama akianguka gengeni, huwa mchungaji alisinzia," alisema, tena kwa upole, na upole wake ndio uliochoma. "Umechoka. Mwakani tutamtafuta mwingine."

Jodok alifungua mdomo, akamtazama Reinelde, akaufunga. Miaka thelathini na moja ya milima ilikuwa inaondoka, naye anaiachia iende.

"Hakusinzia!" Reinelde alipaza sauti, vijana wake wote wakigeuka. "Alikuwa anakuja kwangu. Kidhibiti nilikitoa mimi, kwa mkono huu, bila yeye kuniomba. Nilitaka akae."

Kijana mmoja alipiga mluzi. "Mama Reinelde! Na wewe leseni yako ilikuwa ya nini?"

Hakuna aliyecheka zaidi ya Reinelde mwenyewe, huku machozi yakimtoka.

Polisi walikuja, faini zikatoka mbili, karakana ikafungwa hadi Krismasi, na mtamba akalipiwa. Wendelin alinuna mwezi mzima kabla ya kutoa jibu lake kuhusu Jodok.

"Mchungaji anayelala simrudishi. Anayependa nitamvumilia. Ila abaki juu, na baiskeli asiiguse tena."

Basi Juni kundi likapanda, na Alhamisi ya kwanza ikafika. Jodok alimaliza kukama, akanawa, akakaa kizingitini, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Ukungu ulikuwa unapanda. Ndani yake akasikia mnyororo wa baiskeli na mtu anayehema.

Reinelde alitokeza kwenye kona, sufuria ya tambi imeviringishwa blanketi na kufungwa nyuma kwa kamba.

"Umechukua muda," Jodok alisema, kwa kukosa la kusema.

"Ishirini na tano kwa saa, na mlimani hata kumi haifiki. Ndiyo sheria na ndiyo magoti yangu." Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia ya kujikinga. "Miaka yote hii nakungoja dirishani, Jodok, wala haikunijia kwamba barabara hii inapanda pia."

Jodok aliipokea sufuria. Ilikuwa bado ya moto.

"Na utarudi saa ngapi?"

"Nani kakwambia narudi?"