Utafiti wa Zuhura na Migomba ya Mosi

Zuhura nilisoma naye masoko katika chuo kimoja cha hapa Morogoro mjini, na mpaka leo nikimwona napandwa na hasira. Simkasirikii yeye. Nalikasirikia lile zoezi, na sisi sote tuliolishangilia.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kuchukua biashara ya kweli, aifanyie utafiti wa soko, kisha aishauri. Mwalimu wetu, Madamu Winfrida, alikuwa na wimbo wake mmoja: "Uamuzi wa kimkakati uko wapi? Msiniletee karatasi za kufungia maandazi." Wengi tulikimbilia saluni na maduka ya simu. Zuhura akachagua shamba la mama yake, Mosi, kule milimani upande wa Kinole.

Lilikuwa shamba la migomba, na ndilo lililowalisha. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo halikuwa mali ya Mosi peke yake. Alikabidhiwa na mjomba wake, Mzee Abasi, mama yake Mosi alipofariki, na migomba ile aliipanda marehemu kwa mikono yake. Lakini ndizi hazikuwa na bei, na Zuhura aliumia kila alipomwona mama yake akishuka mlima na mkungu kichwani. Swali la mradi wake likawa hilo: Mosi aachane na ndizi, alime pasheni na kuuza juisi ya chupa?

Utafiti aliufanya kwa bidii, huo ndio uchungu wenyewe. Alitengeneza juisi, akaibeba, akapita duka kwa duka akipiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Anammiminia kidogo kwenye kikombe, mwenye duka anaonja, ndipo Zuhura anauliza: ikiletwa dukani, utanunua? Wakajibu ndiyo. Ungetaka wajibu nini? Binti kakuamkia kwa adabu, katoka mlimani na kitu mkononi, umeshakinywa, halafu umwambie hapana usoni? Hatukulelewa hivyo. Huku kwetu mgeni akikuuliza njia usiyoijua utamwelekeza tu, ili asiondoke mikono mitupu. Darasa zima tulilelewa hivyo hivyo, Madamu naye pia, na hakuna aliyeshtuka tulipoona mchoro wake umejaa ndiyo kila upande. Tulipiga makofi. Zuhura akapata A.

Alipanda mlima na ile A, akamsomea mama yake matokeo. Mosi akaikata migomba, akapanda pasheni. Kwa desturi alipaswa kwanza kwenda kumwomba Mzee Abasi, lakini waliona mzee atafurahi mwenyewe akikuta juisi inauzika.

Pasheni zilikubali. Juisi ikatoka, Zuhura akaipeleka kwenye maduka yale yale. "Kesho, mwanangu." "Pitia wiki ijayo." "Ngoja nizungumze na baba watoto." Hata hapo hakuna aliyemwambia hapana! Akaenda na kurudi mpaka juisi ikachacha, vifuniko vikaanza kuruka. Mwisho alikaa kitako mbele ya mama mmoja mwenye duka, Mama Josephina, akalia.

"Mama, si ulisema utanunua?"

"Mwanangu, ulikuja na heshima zako. Ningekuvunja moyo?"

Msimu ule nyumba ya Mosi ilikuwa na njaa, njaa ya kweli, ya kuomba ndizi kwa majirani. Mzee Abasi alifika, akatazama visiki vya migomba ya dada yake, akawaita watu wa ukoo. Hakupaza sauti. Alisema shamba la ukoo ni la kulisha watu, na aliyekata migomba ya marehemu bila kuuliza hawezi kuachiwa. Shamba akapewa binti wa mama mdogo wa Mosi, naye amepanda tena migomba. Mosi hupalilia humo kama kibarua.

Juzi nilimsindikiza Zuhura kwenda kumwona. Tulimkuta shambani, jembe mkononi, amekonda mpaka nikaona aibu kumtazama. Zuhura hakungoja tufike nyumbani. Alipiga magoti pale pale kwenye udongo.

"Mama, umenisamehe?"

Mosi aliweka jembe chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akatabasamu.

"Ndiyo, mwanangu. Nilishakusamehe."

Alijibu haraka, kwa sauti tamu. Zuhura akabaki kumtazama usoni.

"Kweli, mama?"

"Kweli kabisa," akasema, kisha akatuuliza kama tumekula.

Tulishuka mpaka barabarani. Hapo Zuhura akasimama, akaniuliza kama mimi naamini kwamba amesamehewa.

Nikamwambia ndiyo.